Frateri, Gari Gani Ni Kali?

 

Jumamosi iliyopita kikao chetu cha VIWAWA kilikuwa kianze saa nane mchana. Mpaka saa tisa kasoro katibu hajafika, na funguo za ukumbi anazo yeye. Mnajua vijana wakikaa chini ya mwembe bila kazi wanaongea nini. Mpira uliisha haraka, maana timu zote mbili kubwa zilikuwa zimetuudhi wiki hiyo. Magari yakachukua nafasi.

Mmoja akaanza: "Impreza ndiyo chuma. Turbo ipo, magurudumu yote manne yanavuta, ile sauti tu ikisikika unajua mnyama anakuja." Mwingine hakumwacha amalize. "Mbele ya Lancer Evolution hiyo inakula vumbi, aisee." Wakaingia kwenye historia. Wa Evolution akaleta Safari Rally: mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda na Lancer. Wa Impreza akajibu kwamba mwaka uliofuata Colin McRae alishinda na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza tena. "Na 2001 nani? Si Mäkinen, na Lancer?" Ikawa mbili kwa mbili, sauti zinapanda.

Hapo akadakia binti mmoja wa kwaya ambaye muda wote alikuwa kimya anakula karanga. "Nyie mnapigania mbili mbili. Toyota Celica ilishinda 1992, 1993, 1994 na 1995 mfululizo, na hiyo 1993 zilishika nafasi zote nne za kwanza. Halafu nyumbani kwenu mnapanda gari gani? Si Toyota?" Tulicheka mpaka ubishi ukakatika. Baba yake ni dereva wa daladala. Akamalizia hivi: "Baba anasema gari zuri ni lile linalokufikisha."

Basi wakanigeukia mimi. "Frateri, wewe ndiye msomi wa falsafa. Toa hukumu, gari gani ni kali?" Kwa bahati katibu akatokea getini na funguo zake, nikapona. Lakini nimebaki na deni la jibu, na sitaki kulilipa kwa maneno matamu tu. Mimi na magari tuna historia, na historia hiyo haijanipamba. Leo naieleza.

Kukimbia na kufika

Tuanze na falsafa kidogo, msikimbie. Aristotle anafundisha kwamba ubora wa kitu hupimwa kwa kazi yake. Kisu bora ni kile kinachokata vizuri, jicho bora ni lile linaloona vizuri. Anafundisha pia kwamba kuwa na uwezo wa jambo ni tofauti na kulitenda. Nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye karatasi za gari ni uwezo. Gari likiwa limelala gereji, uwezo ule bado upo kwenye karatasi, na wewe bado upo kituoni unasubiri basi.

Safari Rally yenyewe inafundisha hivyo. Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na enzi hizo njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Babu zetu walisimama kando ya barabara kuyaangalia magari hayo. Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yaliyomaliza yalikuwa saba. Tope, mito, mawe na usiku vilimaliza mengine yote, na mengi yalikuwa na kasi kubwa kabisa siku ya kwanza.

Dereva ninayempenda katika habari hizi ni Joginder Singh wa Kenya. Alishinda mara tatu: mwaka 1965 na Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Lakini hesabu yake nyingine ndiyo inayonigusa zaidi. Alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alikua akishika spana, kwa hiyo alijua chuma kinaumia wapi. Mtu wa namna hiyo hamwulizi injini tu kama inaweza. Anaiuliza pia kama itaweza kesho.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka fadhila ya udumifu chini ya ushujaa. Zamani nilishangaa. Ushujaa niliudhani ni kuruka motoni mara moja watu wakiona. Yeye anatuambia kwamba kuendelea katika jema kwa muda mrefu ni ugumu wa aina yake, na ugumu huo unahitaji fadhila yake. Anaongeza kwamba kudumu mpaka mwisho kunahitaji neema ya Mungu; misuli ya utashi peke yake haitoshi. Mtume Paulo naye, anapomwandikia Timotheo akiwa karibu na kifo, anajifananisha na mkimbiaji aliyeumaliza mwendo wake huku imani akiwa bado nayo. Hajisifii muda aliotumia. Anashukuru kwamba amefika.

Gari la kaka

Sasa historia yangu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nyumbani likizo, nimemaliza falsafa, nasubiri kupangiwa mwaka wa uchungaji. Kaka yangu ni dereva teksi mjini Moshi. Gari ni lake, alilinunua kwa mkopo, na ndilo linalolisha watoto wake watatu. Aina ya gari sitaitaja, msije mkaanza tena ule ubishi.

Siku moja nilimwomba gari niende Marangu kwenye kongamano la vijana. Alinipa funguo na sharti moja: "Dogo, kabla hujawasha, chomoa stiki uangalie oili. Hili gari linakula oili kidogo." Nikaitikia, "Sawa kaka." Asubuhi nilichelewa kuamka. Stiki sikuichomoa.

Kongamano lilikuwa zuri. Mada niliyotoa mimi mwenyewe ilihusu uaminifu katika mambo madogo. Naomba mcheke, mimi nilishalia.

Jioni wakati wa kurudi, jamaa wa parokia ya jirani alikuwa na gari lenye turbo. Tukataniana pale kwenye maegesho. "Frateri, hicho kigari cha sala kitafika kweli?" Vijana wanne niliokuwa nimewapakia wakanichochea, na mimi nikachochewa. Tukashuka kona za Marangu mpaka Himo, halafu tukashika njia ya Moshi. Tulifukuzana. Mahali pa 50 tulipita kwa 110. Kulikuwa na akina mama wanatoka sokoni na ndizi kichwani, kulikuwa na watoto. Sikumgonga mtu, na huo si wema wangu.

Kwenye kona za kushuka, taa nyekundu ya oili ilianza kupepesa. Inawaka, inazima. Kijana aliyekaa mbele akaniuliza, "Frateri, hiyo nini?" Nikamjibu, "Waya tu hiyo." Sikujua kama ni waya. Nilijua nikisimama nimeshindwa.

Tulipokaribia Moshi, injini ilishaanza sauti mpya. Ko-ko-ko-ko, ukikanyaga mafuta inazidi. Nikawashusha vijana, nikaingia kituo cha mafuta, nikachomoa ile stiki kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ilikuwa kavu. Nikanunua oili, nikaijaza mpaka alama ya juu, nikafuta mkono wangu na kitambaa na kumrudishia kaka gari lake. "Limekusumbua?" akauliza. "Hapana kaka, liko poa."

Kesho yake saa nne asubuhi, akiwa na abiria, injini ikakwama.

Sasa sikilizeni ubaya ulipofikia. Kaka alichomoa stiki akakuta oili imejaa. Kwa hiyo kosa haliwezi kuwa kupungua kwa oili. Akakumbuka kwamba wiki mbili kabla, fundi wake alilifanyia gari servisi. Akahitimisha kwamba fundi aliweka oili feki. Akaenda gereji akamfokea mbele ya wateja. Akarudi kijiweni kwa madereva wenzake akawaambia wote: kwa yule mzee msipeleke gari, anaua injini. Na madereva wa kijiwe kimoja wakiacha kwenda kwa fundi, yule fundi atakula nini?

Mimi nilikuwa nyumbani. Nilisikia yote. Nilikaa kimya wiki tatu.

Asubuhi nilienda Misa, jioni nilisali masifu. Watu walinisalimu "Frateri" na mimi niliitikia.

Taa nyekundu inasema nini

Wengi tunadhani taa ile inakuambia ongeza oili ukipata nafasi. Sivyo. Inapima msukumo. Ndani ya injini, krankishafti inazunguka maelfu ya mara kwa dakika bila kugusana sawasawa na beringi zake, kwa sababu katikati yake kuna utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Msukumo ukipotea, utando unakatika, chuma kinasaga chuma. Ndiyo maana ukiona taa ile inawaka unazima injini hapo hapo, hata kama ni porini, hata kama wenzako wanakupita wakipiga honi. Oili niliyoijaza Moshi ilizima taa. Beringi zilizokwisha kusagika haikuziponya.

Nikikumbuka hilo nausoma tofauti mfano wa wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa, wote walisinzia, na kwa macho hakuna aliyeweza kuwatenganisha jioni ile. Tofauti ilikuwa kwenye mafuta ya akiba, na ilionekana usiku wa manane, wakati wa kununua umepita. Wale watano hawakuwa wakorofi. Walichelewa tu kufanya jambo dogo, kama mimi na stiki yangu.

Dhamiri ni taa ya namna hiyo. Haikupigii kelele kwa muda mrefu. Inapepesa kwenye kona, na ukinyoosha barabara inazima, nawe unajiambia ni waya. Unamtumia binti ujumbe ambao usingetaka mama yako auone: inapepesa. Unakopa hela ukijua hutalipa: inapepesa. Unapitisha wiki bila sala ya kweli, wiki inakuwa mwezi. Kijana mwenye kipaji, sauti nzuri kwaya, kiongozi wa jumuiya, anaweza kwenda hivyo muda mrefu sana kwa kasi ya kushangaza, na watu wakasema yule ni mkali.

Na kuhusu mbio za barabarani niseme bila kuzunguka, maana najua Jumamosi usiku baadhi yenu mnakutana kule bypass. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi kupita kiasi anabeba hatia nzito. Hilo linaingia kwenye amri ya tano, usiue. Rally ina barabara iliyofungwa, kofia ngumu, gari la wagonjwa na mtu anayekusomea kona. Wewe una mama aliyebeba ndizi. Nalisema hili kama mkosaji.

Kuingia servisi

Mwaka 2021 Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, safari hii kule Naivasha. Thierry Neuville aliingia Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Katika hatua ya kwanza ya asubuhi, Loldia, shokapu ya nyuma ikafa na mashindano yakaishia hapo kwake. Aliyeshinda, Sébastien Ogier, naye Ijumaa alikuwa amepata tatizo la shokapu akapoteza muda mwingi. Gari lilitengenezwa, akaendelea, akamaliza wa kwanza akimwacha mwenzake Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8. Wote wawili, wa kwanza na aliyekuwa anaongoza, waliumia sehemu ileile ya gari. Sidai kwamba Neuville alikosa. Njia ya Naivasha haina adabu. Ninachowaonyesha ni kwamba katika rally hakuna anayemcheka dereva anayepeleka gari servisi. Dakika za mafundi zinahesabiwa na kila timu inazitumia zote. Anayeona aibu kuingia servisi hana mahali kwenye mchezo ule.

Wiki ya nne niliingia servisi. Nilikwenda parokia nyingine ambako padre hanijui, aibu ilikuwa imenishika hivyo. Nikaungama mbio, nikaungama uongo. Padre alikuwa mzee. Aliniuliza swali moja: "Na yule fundi?"

Nikasema nitamwombea.

Akasema, "Muombee. Halafu uende kijiweni."

Niliondolewa dhambi siku ile, na hilo naliamini kwa moyo wote. Lakini padre alikuwa ananikumbusha mafundisho ya Kanisa ambayo niliyafaulu kwenye mtihani na kuyasahau barabarani: aliyeumiza haki na ukweli ana wajibu wa kurekebisha hata baada ya kusamehewa. Ukimchafulia mtu jina hadharani, huwezi kumsafisha sirini. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani hakuishia kufurahi. Alitaja hesabu: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Nilianza na kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akasema, "Ungenipigia simu pale pale Himo. Ningekuja na oili. Ingeisha hapo." Kisha akatoka nje. Hatukuongea siku mbili.

Kijiweni nilikwenda saa moja asubuhi, madereva wote wapo. Niliwaambia. Wengine walicheka, mmoja akasema "kumbe hata mafrateri," na nikastahili. Halafu nikaenda kwa fundi. Ni Mwislamu, mzee wa makamo, mikono yake haitoki weusi. Nikamwambia, "Shikamoo fundi. Injini niliiua mimi, siyo wewe." Akaitikia marahaba. Akauliza, "Kaka yako anajua?" Nikamjibu anajua, na kijiwe kizima kinajua. Akanisogezea beseni la mafuta ya taa na brashi. "Haya, osha hizo spea."

Niliosha spea kwa mwezi mzima, kila siku, mpaka nilipoitwa kwenye mwaka wa uchungaji. Hela yangu yote ya likizo ilikwenda kwenye injini nyingine, ambayo kaka aliinunua kwa mkopo juu ya mkopo. Baadhi ya madereva walirudi kwa fundi. Wengine hawajarudi mpaka leo, walishazoea gereji nyingine. Hilo sijaweza kulirekebisha. Naliweka altareni kila Misa.

Jibu langu

Gari na roho vinatofautiana. Injini iliyokwama hutupwa, inanunuliwa nyingine. Mungu hajawahi kumtupa mtu aliyekwama akatafuta mwingine wa kuweka mahali pake. Yeye anakutaka wewe, na beringi zako zilizosagika. Ndiyo maana kuna kitubio, na ndiyo maana Mtakatifu Augustino aliandika kwamba hata kudumu mpaka mwisho ni zawadi ya kuombwa. Hatufiki kwa sababu sisi ni chuma bora. Tunafika kwa sababu kuna anayetufikisha, tukikubali kusimama anapotuonyesha taa.

Kwa hiyo, wapendwa, hukumu yangu. Kwa mlio, nitamwunga mkono ndugu yetu wa Impreza, nisameheni wa Evolution. Kwa gari kali, nakubaliana na baba wa yule binti wa karanga.

Kwa wiki hii naomba mambo mawili. Kwanza, chomoa stiki: kila usiku kabla ya kulala, dakika tano za kuitafiti dhamiri. Ulizia siku moja tu, leo, taa ilipepesa wapi nami nikasema ni waya. Pili, kama kuna fundi wako, mtu anayebeba lawama iliyo yako, usingoje wiki ya nne. Nenda kaungame, halafu uende kijiweni.

Tusali. Ee Bwana Yesu, unajua tunavyopenda kuonekana tukipita kwa kasi. Utupe macho ya kuona taa yako na ujasiri wa kusimama wenzetu wakitupita. Uwabariki wale waliobeba makosa yetu bila sisi kusema. Uwalinde madereva wote wanaotafuta riziki barabarani leo, na mafundi wanaowahudumia. Utufikishe nyumbani. Amina.

Mama Bikira Maria, mwombezi wetu wa safari, utuombee.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri